JENERALI LETTOW-VORBECK: HAKUSHINDWA VITANI, LAKINI MZIGO ALIBEBA NANI?



Juzi nilikuwa Posta na mdogo wangu wa kidato cha pili. Tulisimama pale kwenye Sanamu ya Askari, makutano ya Samora na Maktaba, ambayo wazee wa mjini wanaiita Sanamu la Bismini. Dogo akaniuliza huyu askari alikuwa anapigana na nani. Nikajibu haraka, Mjerumani. Akaniuliza tena, sasa huyo Mjerumani askari wake walikuwa Wazungu watupu? Nikamwambia hapana, wengi walikuwa Waafrika kama huyu wa kwenye sanamu. Akanitazama tu. Yaani walikuwa wanauana wenyewe kwa wenyewe kwa ajili ya nani?

Kwa kweli nilikwama. Mimi mwenyewe niliyemaliza fomu foo nikijivunia historia, nilichokuwa nakikumbuka ni kwamba Mjerumani alishindwa, Mwingereza akachukua nchi, basi. Nimerudi nyumbani nikasoma siku kadhaa, na kila nilichosoma kilinirudisha kwa mtu mmoja: Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck. Leo naomba niwasimulie maisha yake. Ni marefu kidogo, vuta kiti.

ALIKOTOKEA

Alizaliwa tarehe 20 Machi 1870 katika mji wa Saarlouis, Ujerumani. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la Prussia, na mtoto akapelekwa shule ya makadeti akiwa bado mdogo. Uaskari kwao ulikuwa ni kazi ya ukoo, kama kwetu mtu anavyozaliwa kwenye ukoo wa wavuvi au wafua vyuma.

Mwaka 1900 alipelekwa China, ambako mataifa makubwa yalikuwa yanazima uasi wa Mabondia. Mwaka 1904 akapelekwa Afrika kwa mara ya kwanza, kwenye koloni ambalo leo ni Namibia. Hapa naomba tusipite haraka. Waherero walikuwa wameinuka dhidi ya Wajerumani, na kamanda aliyetumwa kuwazima alikuwa Jenerali Lothar von Trotha. Huyu alitoa amri ya kuwaangamiza. Waherero walisukumwa jangwani, visima vikalindwa wasinywe maji, na makumi ya maelfu wakafa, wanawake na watoto wakiwemo. Baadaye zamu ikawa ya Wanama. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani yenyewe ilikiri kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari.

Lettow-Vorbeck alikuwa ofisa katika makao ya von Trotha. Baadaye akaongoza kikosi, na mwaka 1906 akajeruhiwa jicho la kushoto katika mapigano na Wanama. Akapelekwa Afrika Kusini kutibiwa. Kwa hiyo mtu aliyekuja kusifiwa kuwa muungwana wa vita vya Afrika, somo lake la kwanza la vita barani kwetu alilipata kwenye jangwa lile.

KUINGIA DAR ES SALAAM

Mwishoni mwa 1913 alipangiwa kwenda Kameruni. Amri ikabadilishwa, akaletwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani Tanzania bara ya leo pamoja na Rwanda na Burundi. Kwenye meli alisafiri na binti wa Kidenmark aliyekuwa anakwenda kuolewa Kenya. Binti huyo ndiye Karen Blixen, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi maarufu.

Alishuka Dar es Salaam Januari 1914, akiwa luteni kanali. Jeshi alilolikuta, Schutztruppe, lilikuwa dogo: Wajerumani kama 260 na askari Waafrika kama 2,500, wamegawanywa katika kompania 14. Askari hao walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani na wengine wengi. Ndilo jeshi hilo hilo lililozima Maji Maji mwaka 1905 hadi 1907 kwa kuchoma mashamba na maghala. Jamaa akajifunza Kiswahili, akaizunguka nchi akiikagua.

Agosti 1914 vita ikalipuka Ulaya. Gavana Heinrich Schnee hakutaka vita ifike huku. Aliona koloni litaharibika na wenyeji wanaweza kuinuka tena. Lettow-Vorbeck aliona tofauti. Hesabu yake ilikuwa kwamba koloni haliwezi kuokolewa, ila kila mwanajeshi wa Mwingereza atakayelazimika kuja Afrika ni pungufu moja kwenye mapambano ya Ulaya. Kazi yake ni kuwaweka hapa wengi iwezekanavyo, kwa muda mrefu iwezekanavyo.

Wadau, hesabu hiyo ishikeni. Ina maana nchi nzima ya watu ilitumika kama chambo, na wenye nchi hawakuulizwa.

TANGA, 1914

Tarehe 2 Novemba 1914 manowari za Waingereza zilitokea Tanga zikiwa na wanajeshi kama 8,000 kutoka India. Lettow-Vorbeck alikuwa upande wa Moshi, akaleta watu wake kwa treni. Usiku mmoja kabla ya pambano aliingia mjini kwa baiskeli kupeleleza mwenyewe. Jumla alikuwa na watu kama 1,000 tu.

Pambano kubwa lilikuwa tarehe 4. Waingereza walitua upande wa Ras Kasone wakapita mashambani na vichakani hadi wakaufikia mji, kisha wakarudishwa. Katikati ya risasi nyuki walichokozwa wakawavamia watu, ndiyo maana wengi wanaiita vita ya nyuki. Tarehe 5 Waingereza walirudi melini wakiacha nyuma bunduki, rashasha na risasi 600,000. Walipoteza watu zaidi ya 800, waliokufa na waliojeruhiwa. Upande wa pili walikufa Wajerumani 16 na askari Waafrika 55.

Mwangalie uwiano huo. Ushindi uliompa Lettow-Vorbeck jina duniani, kwa kila Mjerumani mmoja aliyekufa walikufa askari weusi zaidi ya watatu.

Januari 1915 akashinda tena Jasini, kule mpakani pwani. Lakini pale alipoteza maofisa wengi na akatumia risasi nyingi asizoweza kuzirudisha. Akajifunza kwamba ushindi mwingine wa aina ile utammaliza. Tangu hapo akabadili staili: piga, kimbia, jifiche, haribu reli ya Uganda, usikubali kuzungukwa.

KUISHI BILA MELI

Manowari za Waingereza zilifunga pwani. Hapo ndipo ukaonekana ujanja wa kujitegemea. Meli ya kivita Königsberg ilijificha kwenye delta ya Rufiji hadi Julai 1915 ilipomalizwa, lakini mizinga yake 10 ikaopolewa, ikafungwa magurudumu, ikavutwa na watu hadi vitani. Taasisi ya Amani, kule Usambara, ilitengeneza dawa ya malaria kutokana na magome ya mkwinini. Tabora zikatengenezwa sarafu za dhahabu zenye picha ya tembo.

Vitabu vingi vinaeleza haya kwa kumsifia yeye na Wajerumani wenzake. Sawa, walikuwa na akili. Lakini mzinga wa meli hauvutwi na akili. Unavutwa na mabega, mamia ya mabega, kwenye tope la Rufiji.

Machi 1916 Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini akashuka na jeshi kubwa kutokea Kilimanjaro. Wabelgiji wakaingia kutoka Kongo, wakachukua Tabora Septemba. Dar es Salaam ilianguka tarehe 4 Septemba 1916. Reli ikaenda, miji ikaenda. Lettow-Vorbeck akarudi nyuma kusini, Morogoro, Mahenge, Rufiji, Lindi, akiwaachia wanaomfuata mbung'o, malaria na mvua. Farasi wa Smuts walikufa kwa maelfu.

NJAA

Sasa nifike kwenye sehemu iliyoniuma.

Jeshi lisilo na meli wala reli linakula nini? Linakula kilichopo kwa watu. Majeshi yote mawili yalichukua mtama, ng'ombe, mbuzi, na wanaume wenye nguvu za kulima. Huku nyuma mvua ikakataa. Bibi yangu mzaa mama ni Mgogo. Nikiwa mdogo, nikibakiza ugali kwenye sahani, alikuwa ananitajia neno moja: Mtunya. Nilidhani ni jina la zimwi. Kumbe ni njaa iliyoipiga Ugogo kuanzia miaka hiyo ya vita hadi kama 1920. Yeye aliisikia kwa mama yake. Wanahistoria wanakadiria Ugogo pekee walikufa watu kama 30,000.

Kilichofanya nishtuke ni hiki. Bibi hajawahi kunitajia jina la Lettow-Vorbeck wala la Smuts. Hakuwajua. Kwa upande wa kina bibi, vita ile haina jenerali. Ina njaa.

Na wapagazi je? Kila askari mmoja wa mstari wa mbele alihitaji wapagazi wawili au watatu nyuma yake, kila mmoja na mzigo wa kilo 25 au 30 kichwani. Wajerumani waliwakusanya kwa nguvu, wakiwatumia kutoka wilaya moja hadi nyingine, na wengi walitoroka kila walipopata nafasi. Waingereza nao walikusanya mamia ya maelfu. Kwa hesabu inayotajwa sana, wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake ni kama 95,000, wengi wao kwa kuhara, homa na utapiamlo, si kwa risasi. Upande wa Wajerumani daftari zilikuwa chache.

MAHIWA HADI ABERCORN

Oktoba 1917, kule Mahiwa karibu na Lindi, pakapigwa siku nne mfululizo. Waingereza walipoteza watu kama 2,700, Wajerumani kama 500. Ulikuwa ushindi, lakini 500 kwake walikuwa wengi kuliko 2,700 kwa wenzake. Ujerumani ilijaribu kumletea vifaa kwa chombo cha angani, kile kikubwa cha gesi, kutoka Bulgaria. Kilifika anga la Sudan Novemba 1917 kikageuzwa kurudi.

Wagonjwa na majeruhi akawaacha nyuma. Akachukua Wajerumani kama 300, askari kama 1,700 na wapagazi wao, akavuka Ruvuma. Tarehe 25 Novemba 1917 akaiteka ngome ya Wareno ya Ngomano na kupata bunduki mpya, risasi na dawa. Karibu mwaka mzima wa 1918 alizunguka Msumbiji hadi karibu na Quelimane, akila kwa wanavijiji wa huko ambao hata Mjerumani walikuwa hawamjui. Wanawake na watoto wa askari walikuwa kwenye msafara huo huo. Kuna waliojifungua njiani na safari ikaendelea.

Septemba 1918 akarudi akavuka tena Ruvuma, akapita Ungoni na Ubena, akaingia Rhodesia Kaskazini, Zambia ya leo, hadi Kasama. Katikati ya Novemba ndipo Waingereza walipomfikishia habari: Ulaya wamesimamisha vita tangu tarehe 11.

Tarehe 25 Novemba 1918, mji wa Abercorn, ambao leo ni Mbala, akasalimisha silaha. Alikuwa na Wajerumani 155, askari zaidi ya 1,100 na wapagazi kama 1,500. Bunduki nyingi walizoweka chini zilikuwa za Kiingereza na za Kireno, za kuteka. Mshahara hawakuwa wamelipwa kwa muda mrefu. Aliwaandikia hati za madai, karatasi tu, kwamba Ujerumani itawalipa. Kisha homa ile kubwa ya 1918 ikawakuta kambini, wengi wakafia huko baada ya kupona vita vyote.

SHUJAA WA BERLIN

Wakati vita inaelekea mwisho alikuwa amepandishwa kuwa jenerali. Tarehe 2 Machi 1919 aliingia Berlin akiongoza maofisa wake, watu wamejaa barabarani, wakapita lango kuu la Brandenburg. Ujerumani ilikuwa imeshindwa na ina njaa, ilimhitaji mtu wa kusema hakushindwa. Akawa yeye. Wanasiasa wa mrengo wa kulia walilitumia jina lake kuthibitisha kwamba jeshi halikushindwa, ila lilisalitiwa nyumbani. Uongo huo ulikuja kuwasaidia sana akina Hitler.

Mwenyewe hakukaa pembeni. Julai 1919 aliongoza askari kuingia Hamburg kuzima fujo za wananchi. Machi 1920 akajiunga na jaribio la kuipindua serikali, likafeli, akafukuzwa jeshini. Akaandika vitabu, kimoja cha vijana akakiita Heia Safari, neno letu kabisa. Kati ya 1928 na 1930 alikuwa mbunge wa chama cha kihafidhina. Utawala wa Hitler ulimpa cheo cha heshima cha ujenerali. Vita ya pili ikamchukulia watoto wake wote wawili wa kiume, na mabomu yakabomoa nyumba yake. Baada ya vita, mmoja wa waliomsaidia katika shida alikuwa Smuts, adui yake wa 1916.

Majenerali walishasameheana, wadau. Walikula pamoja London tangu 1929.

MADENI

Wakati huo karatasi za Abercorn zilikuwa mikononi mwa watu. Baadhi ya askari walilipwa miaka ya 1920. Wengine hawakulipwa. Mmoja alikuwa Mahjub bin Adam Mohamed, maarufu kama Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904, aliyeingia jeshi lile akiwa mtoto pamoja na baba yake. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mishahara yao. Akaambiwa amechelewa. Akabaki huko, akafundisha Kiswahili, akacheza filamu, kisha akakamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Alifia kwenye kambi ya mateso ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Kesho yake ilikuwa inatimia miaka 26 tangu Abercorn.

Mwingine aliyepita jeshi la Lettow-Vorbeck ni Kleist Sykes wa Dar es Salaam. Huyu mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association, na watoto wake Abdulwahid na Ally wakawa kati ya waasisi wa TANU mwaka 1954. Kwa hiyo kuna waliotoka jeshini wakajifunza kupigania cha kwao.

Mwaka 1953 mzee mwenyewe alirudi Dar es Salaam kutembea, na askari wake wa zamani wakaja kumlaki. Jambo hili nimelifikiria sana. Walimpenda? Nadhani wengine ndiyo, walikufa njaa pamoja na kupona pamoja. Na nadhani wengine walikuwa bado wanasubiri pesa yao. Mtu anaweza kuwa na yote mawili moyoni.

Alifariki Hamburg tarehe 9 Machi 1964, siku chache kabla ya kutimiza miaka 94. Maziko yake alihudhuria Waziri wa Ulinzi wa Ujerumani Magharibi, Kai-Uwe von Hassel, ambaye mwenyewe alizaliwa Gare, Usambara. Mwaka huo huo bunge lao likaidhinisha malipo kwa askari waliobaki hai. Inasimuliwa kwamba Mwanza vikongwe wengi hawakuwa tena na karatasi, wakapewa fagio mmoja mmoja na kuamriwa kwa Kijerumani washike silaha. Wote wakaweza. Hadithi hii watu husimulia wakicheka. Mimi sijacheka. Zaidi ya miaka 40 umesubiri haki yako, halafu unathibitisha kwa fagio.

Na mpagazi hakuwa na hata amri ya kukumbuka. Malipo yalikuwa ya askari.

NANI KABEBA JINA?

Ujerumani walimpa jina la kambi na mitaa. Siku hizi mingi wameifuta, mfano Hannover mtaa wake unaitwa Namibia. Hata dinosaria mmoja aliyechimbwa Tendaguru, Lindi, alipewa jina lake mwaka 1919. Mifupa ile ilitoka Tendaguru hadi pwani vichwani mwa wapagazi. Wao hakuna mfupa uliopewa jina lao.

Lakini sisi tuna kitu. Waingereza walipoichukua Dar es Salaam, kikosi chao cha wapagazi kiliweka kambi sehemu moja mjini. Kiliitwa Carrier Corps. Watu wa Pwani wakalitamka wanavyojua wao: Kariakoo. Nairobi nako wana Kariakor, kwa sababu hiyo hiyo. Kila siku makonda wanaita, mamalishe wanaita, wamachinga wanaita, bila kujua wanawaita marehemu.

Kwa hiyo dogo, jibu langu ni hili. Lettow-Vorbeck alikuwa hodari wa vita, sitasema uongo. Alifanya alichopanga, akawazuia maadui wengi miaka minne. Lakini kutoshindwa kwake kulilipiwa na watu ambao vita haikuwa yao, na bei hiyo haipo kwenye wasifu wake. Ipo Ugogo, ipo Rufiji, ipo Kariakoo.

Wenye wazee nyumbani waulizeni kabla hawajaondoka. Usimuulize jenerali alikuwa nani. Muulize mwaka ule walikula nini. Mwenye simulizi ya babu au bibi aiweke hapo chini tusome wote.

Naomba kuwasilisha.